Mkristo wa leo lazima atunze Sabato? Jibu kwa Mama Brian wa Busia

Mama Brian, habari za Busia, na pole na kazi. Swali lako nimelipata na kabla sijajibu niwaeleze kidogo wengine watakaosoma, ili wasipotee njiani. Huyu mama ana hoteli karibu na forodha upande wetu wa Uganda, anapikia madereva wa malori, anafungua siku saba. Ni mtu wa Kanisa la Uganda tangu utoto, mlokole. Sasa wifi yake ameingia kwa Wasabato na amemwambia mambo matatu: kwamba Jumapili ililetwa na Konstantino na Mungu hakuhusika, kwamba anayesali Jumapili ameshapokea alama ya mnyama, ile ya Ufunuo 13 ya watu wanaomkataa Mungu, na kwamba amri ya nne haijafutwa kwa hiyo hoteli ifungwe Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi jioni. Na Jumamosi ndo siku malori yanajaa, ndo siku ya pesa. Alafu mwisho kabisa akaongeza, je nikienda kanisani Jumapili nikiwaacha wale wasichana wangu wawili wanaendelea kupika, na wenyewe wanalala hapo hapo hotelini, hiyo ni dhambi?

Nakujibu kwanza, maelezo baadaye. Mkristo hafungwi na sheria ya siku, si Jumamosi si Jumapili, na mtu akikuhukumu kwa ajili ya siku usikose usingizi. Lakini lile la wasichana, ambalo umelitupa mwishoni kama mtu anayeuliza nauli akiwa ameshapanda boda, hilo ndo swali lenyewe, na hapo sitakubembeleza.

Tuanze na Konstantino maana huyu kaisari wa Roma anabebeshwa mizigo mingi. Alichofanya kinajulikana: tarehe 7 Machi mwaka 321 alitoa sheria kwamba mahakimu, watu wa mjini na mafundi kwenye karakana zao wapumzike siku ya jua, yaani Jumapili, ila wakulima wakawa huru kuendelea na mashamba yao maana mvua haingoji. Basi. Aliifanya Jumapili kuwa siku ya mapumziko ya serikali. Kuabudu Jumapili hakukuanza naye. Karibu mwaka 150 na kidogo, kule Roma, Justin, yule aliyeuawa kwa ajili ya imani, alimwandikia kaisari kumweleza Wakristo wanafanya nini, akasema siku ya jua wote wa mjini na wa vijijini wanakusanyika pamoja, wanasoma maandiko ya mitume na manabii, kiongozi anahubiri, wanasali, wanakula mkate na divai, wenye uwezo wanatoa mchango na mchango huo unaenda kwa yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Hiyo ni miaka zaidi ya 150 kabla ya Konstantino! Na Ignatius wa Antiokia, nyuma zaidi, mnamo mwaka 110 hivi, anataja Wakristo wasioishika tena sabato, wanaoishi kwa siku ya Bwana. Ukirudi kwenye Biblia yako, Yohana 20 Yesu anafufuka siku ya kwanza ya juma na jioni ile ile anawatokea wanafunzi wakiwa wamejifungia, alafu baada ya siku nane tena. Matendo 20:7, kule Troa, wamekutana siku ya kwanza kumega mkate. Wakorintho wanaambiwa kila mtu aweke akiba yake siku ya kwanza ya juma. Kwa hiyo la kwanza la wifi yako halisimami.

Lakini na sisi watu wa Jumapili tusianze kupiga vigelegele. Hakuna mahali popote Agano Jipya linasema Sabato imehamishwa kutoka Jumamosi kwenda Jumapili, tafuta mstari huo utachoka. Wale Wakristo wa kwanza walikutana Jumapili lakini walikuwa kazini Jumapili. Plinio, gavana wa Kirumi wa Bithinia (Uturuki ya leo), alimwandikia kaisari Trajano karibu mwaka 112 kwamba hawa watu wana siku yao maalum, wanakutana kabla hakujapambazuka wanamwimbia Kristo kama Mungu, alafu wanatawanyika, na baadaye wanakutana tena kula. Kwa nini kabla ya jua? Mimi naona jibu liko wazi, wengi wao walikuwa watumwa na vibarua, bosi anawangoja. Na kule Troa Paulo anahubiri mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko amekaa dirishani anasinzia mpaka anaanguka kutoka ghorofa ya tatu, na sitashangaa kama alikuwa ametoka kwenye kazi ya kutwa nzima (wahubiri wetu wa mkesha wangesoma hiyo sura vizuri, lakini tuendelee).

Fundisho la kwamba Jumapili ndo "Sabato ya Kikristo", usishike jembe, usinunue kitu, limekuja kukazwa hasa na Wapuritani, Waprotestanti wa msimamo mkali wa Uingereza, hata limeandikwa kwenye tamko la imani linaloitwa Ungamo la Westminster, miaka ya 1640. Wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walipofika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1877 walikuja na Jumapili yao ya Kiingereza kwenye mizigo. Kwa hiyo yule mzee wa kanisa aliyekuzuia kwenda shambani Jumapili ukiwa mdogo hakuwa na mstari wa kukuonyesha, alikuwa na desturi, na desturi yenyewe ilikuwa nzuri kwa mambo mengi, ila iitwe desturi.

Sasa tuje kwa Wasabato, na hapa nataka tuwatendee haki kwa sababu hoja zao si za kitoto. Wanasema Mungu alibariki siku ya saba kwenye Mwanzo 2:3 kabla Myahudi yeyote hajazaliwa. Kweli. Wanasema Yesu alikuwa na desturi ya kwenda sinagogi siku ya Sabato, Luka 4:16. Kweli. Paulo naye kila mji anaofika anaanzia sinagogi siku ya Sabato. Kweli. Isaya 56 inaahidi baraka hata kwa mgeni anayeishika Sabato. Kweli pia. Na amri yenyewe iko ndani ya zile kumi, sasa mbona tisa tunazishika na moja tunairuka?

Mimi nikiangalia yote naona hivi. Mwanzo 2 inasema Mungu alipumzika na akaibariki siku, haisemi popote kwamba Adamu aliamriwa kitu. Nuhu hakuambiwa, Ibrahimu hakuambiwa. Watu wa kwanza kwenye Biblia kuambiwa wakae nyumbani siku ya saba ni Waisraeli jangwani, Kutoka 16, kwenye habari ya mana, kile chakula Mungu alichowashushia kutoka mbinguni. Na Kutoka 31 inasema wazi kwamba Sabato ni ishara kati ya Mungu na wana wa Israeli. Yesu alienda sinagogi Jumamosi kwa sababu alikuwa Myahudi aliyezaliwa chini ya sheria, alitahiriwa pia, alienda Pasaka Yerusalemu pia, hayo mengine mbona hatuyadai? Na Paulo alienda sinagogi Jumamosi kwa sababu ndo siku utawakuta Wayahudi wamejaa, wewe mwenyewe unajua ukitaka kuwapata madereva uende saa ngapi na wapi.

Alafu kuna mkutano wa Yerusalemu, Matendo 15, kama mwaka 49 hivi. Hapo swali lilikuwa moja tu, hawa watu wa mataifa walioamini tuwabebeshe sheria ya Musa kiasi gani? Hiyo ndo ilikuwa nafasi ya kusema "na Sabato washike". Barua ikaandikwa na mambo manne: waepuke vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Sabato haimo. Fikiria hawa ni watu ambao hawajawahi kushika Sabato maishani mwao, yaani kama ingekuwa lazima kwa wokovu hilo lingekuwa namba moja kwenye barua.

Paulo naye anawaambia Wakolosai (2:16-17) mtu asiwahukumu katika vyakula au vinywaji, au kwa sababu ya sikukuu au mwandamo wa mwezi, au sabato, mambo hayo ni kivuli cha mambo yajayo. Wasabato watakujibu kwamba sabato hapo ni zile sikukuu za mwaka, si Jumamosi ya kila wiki. Nimeisikia hoja hii mara nyingi na hainishawishi, kwa sababu hayo matatu, sikukuu, mwezi mpya na sabato, yanakuja pamoja sehemu nyingi Agano la Kale, angalia 2 Mambo ya Nyakati 31:3, Ezekieli 45:17, Hosea 2:11, na kila mara maana yake ni ya mwaka, ya mwezi na ya wiki. Ukisema sabato ni sikukuu ya mwaka unakuwa umetaja sikukuu mara mbili na wiki umeiacha. Na Warumi 14:5 inamaliza: mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa, kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe. Huwezi kuandika hivyo kuhusu uzinzi au wizi. Ukiweza kuandika hivyo kuhusu siku, basi siku si kitu cha kumhukumia mtu.

Na wewe uko Busia, si mbali na Mbale, kwa hiyo habari za Semei Kakungulu lazima umesikia, yule jenerali wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuteka huku mashariki. Mzee alipogombana na Waingereza akaingia kwenye kundi la Bamalaki, wale waliokataa hospitali na dawa na kushika Jumamosi. Alikuwa msomaji wa Biblia sana, akazidi kuingia Agano la Kale, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Inasemekana wenzake walimwonya kwamba tohara ni ya Wayahudi, naye akawajibu basi kuanzia leo mimi ni Myahudi. Mpaka leo wafuasi wake, Abayudaya, wapo pale Nabugoye karibu na Mbale na Sabato yao ni ya Kiyahudi kabisa, na hata Rais Idi Amin alipowapiga marufuku hawakuisha. Mimi huwa namtaja Kakungulu kwa heshima kwa sababu aliona kitu ambacho wengi hawataki kukiona: ukichukua siku kwenye sheria ya Musa kama sheria, huwezi kuacha tohara mlangoni. Paulo ndo alichowaambia Wagalatia, anayetahiriwa ana deni la kuitimiza sheria yote. Wasabato wana namna yao ya kugawa, sheria ya maadili huku na ya sherehe kule, na mgawanyo huo una watetezi wasomi, ila Musa mwenyewe hakuupanga hivyo, na adhabu ya kuvunja Sabato kwenye Hesabu 15, yule mtu aliyeokota kuni, ni kifo kwa mawe. Hakuna Msabato anayeitaka hiyo, na ashukuriwe Mungu.

Hilo la alama ya mnyama nalipita haraka. Hata mafundisho rasmi ya Wasabato wenyewe hayasemi kwamba anayesali Jumapili leo ana alama, wanasema ni jambo la wakati ujao, sheria itakapowalazimisha watu. Wifi yako amezidisha chumvi. Mwambie kwa upole aulize mchungaji wake.

Lakini usimcheke kwa sababu ya hiyo Jumamosi yake. Watu wa Jumamosi hapa Uganda wamelipa gharama. Wanafunzi watatu Wasabato waliishtaki Makerere kwa sababu chuo kilikuwa kinaweka masomo na mitihani hata Jumamosi, Mahakama ya Katiba ikawakatalia mwaka 2003, wakaenda Mahakama ya Juu nayo ikawakatalia mwaka 2006. Kijana anayekubali kuhatarisha digrii kwa ajili ya siku ya Bwana wake ana kitu ambacho mimi na wewe tunaofungua simu katikati ya mahubiri kuangalia kama pesa imeingia tunakihitaji. Unaweza kukataa hoja ya mtu na bado ukamvulia kofia.

Haya, sasa wasichana.

Watu wengi wakisoma amri ya nne wanasoma Kutoka 20 peke yake, pumzika kwa sababu Mungu alipumzika. Fungua Kumbukumbu la Torati 5, amri ni ile ile lakini sababu imebadilika. Inasema usifanye kazi wewe, wala mwanao, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mjakazi wako, wala ng'ombe, wala punda, wala mgeni aliye ndani ya malango yako, ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, na kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Yaani amri inaongea na wewe mwenye hoteli. Mtu mwenye uwezo wa kujipumzisha hahitaji amri sana, ataamua tu mwenyewe. Anayehitaji amri ni yule ambaye akikaa chini anafukuzwa.

Mimi nimekula kwenye hizo hoteli za mpakani nikisubiri safari, nazijua. Saa kumi usiku msichana ameshawasha makaa, unga wa chapati ameukanda jana usiku saa tano akiwa amesimama, godoro lake liko nyuma ya magunia ya mkaa na bosi akifika saa mbili anauliza mbona chai imechelewa. Dereva mmoja anataka katogo, mwingine anarudisha posho imepoa, mwingine anamshika mkono. Jumapili kengele inalia, mama mwenye hoteli amevaa gomesi amepita na Biblia, na yule msichana pia ni mbatizwa, pia ana kanisa kwao. Akienda lini? Sikwambii kwamba hii ni hoteli yako, sijafika kwako, ila wewe ndo umeandika wawili, siku saba, wanalala hapo hapo.

Na angalia Yesu aligombania nini siku ya Sabato. Luka 13, yule mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18. Mkuu wa sinagogi anakasirika, anasema siku za kazi ni sita, mje kuponywa hizo. Yesu anamwambia nyinyi mnamfungua ng'ombe wenu na punda wenu siku ya Sabato mkamnyweshe, na huyu binti wa Ibrahimu asifunguliwe? Ile hasira yake yote ilikuwa juu ya watu wanaoitunza siku huku mtu amefungwa mbele yao. Kwa hiyo unaweza kusali Jumamosi kama wifi yako au Jumapili kama mama yako, na kote kuwili ukawa umeikosa Sabato kabisa kama kupumzika kwako kunabebwa na mgongo wa mtu asiyepumzika.

Kwa hiyo jibu la swali lako: kwenda kanisani huku biashara imefunguliwa si dhambi, madereva wanakula siku zote na kulisha mtu mwenye njaa Yesu mwenyewe alikutetea. Kumfanyisha mtu kazi wiki baada ya wiki bila siku yake, hiyo ni dhambi, na sitaitafutia jina laini. Na hata ukiacha Biblia, Sheria ya Ajira ya 2006 hapa Uganda inasema mfanyakazi asifanyishwe kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila siku moja ya kupumzika, na siku yenyewe ni ile ya kawaida au mtakayokubaliana. Sheria haijali Jumamosi au Jumapili, kama Warumi 14 tu.

Najua unaniambia mwalimu, biashara ndogo, faida iko wapi. Sawa, tuongee biashara. Una wasichana wawili, kila mmoja apate siku yake tofauti na mwenzake, waulize wenyewe wanataka ipi, kama mmoja ni wa Kanisa la Uganda na mwingine ni Msabato au Mwislamu umeshapata mpangilio wako bure. Siku hiyo wewe unaingia jikoni, au unachukua kibarua wa siku moja. Maharage yachemshwe jana yake, menyu iwe fupi, kama hakuna matoke madereva watakula wali, hawatakufa. Na hii ni muhimu kuliko zote: usimkate pesa ya siku hiyo. Huko kwetu wengi wanalipwa kwa siku, na ukimpa ofu bila malipo hujampumzisha, umemfukuza kazi siku moja kila wiki. Soma tena ile mana, siku ya sita ilianguka ya siku mbili, aliyeamuru watu wapumzike ndiye aliyegharamia chakula cha siku hiyo. Kwenye hoteli yako anayegharamia ni wewe. Na asilale hapo siku yake, maana akilala hapo utamwita tu "njoo kidogo nishikie hiki", nawajua wenye hoteli.

Na wewe mwenyewe pia tafuta siku. Umeandika hujafunga tangu Krismasi. Nyuma ya swali la sheria naona mtu aliyechoka, na Waebrania 4 inasema imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu, raha ya kuamini kwamba ulimwengu haushikiliwi na mikono yako. Ukiichukua Jumapili mchana baada ya ibada, sawa, ukiichukua Jumanne malori yakiwa machache, sawa pia, mradi simu ya hoteli aishike mtu mwingine.

Wifi yako akikualika kanisani kwao Jumamosi moja, nenda, imba nao, hujaasi Kanisa la Uganda. Wakikudai ubatizwe upya ndo wakukubali, waambie ulishabatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na hapo msimame nao vizuri bila matusi. Na kama mmoja wa wasichana wako naye ataomba Jumamosi, usianze kwa kumwambia hiyo ni siku ya pesa.